Kahawa, kola, kidonge au usingizi: uchague nini kabla ya mtihani

Sesio ya mitihani ikikaribia hapa Bukavu, watu tofauti wanauliza swali moja: kuna dawa ya kufungua akili? Finalisti wa mtaa wa Kadutu anauliza kwa sababu ya egzeta, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Mwanafunzi wa medisini anauliza kwa sababu silabisi tatu zimebaki na siku zimekwisha. Muuguzi wa zamu ya usiku naye anauliza, ila yeye hatafuti pointi, anataka tu macho yasifumbe saa tisa usiku mgonjwa akiwa na seramu mkononi. Mimi nafundisha kemia, ndiyo maana wananiletea swali, kana kwamba anayejua kuchora molekuli ya kafeini anajua pia nani ainywe.

Basi naviweka kando kwa kando vile vinavyouzwa au kusifiwa mjini: kahawa, kola (ile kokwa ya kutafuna, si soda), vinywaji vya nguvu, vidonge vya Ritalin na modafinili, na kile ambacho hakuna anayekiuza, usingizi. Ninavipima kwa maswali matatu. Kinafanya nini hasa kichwani? Kinakudai nini? Na je, ni haki ukitumie wakati mwenzako wa benchi moja hana?

Nazungumzia mtu mwenye afya. Aliyeandikiwa Ritalin na daktari kwa sababu ya shida ya kutotulia na kushindwa kukaza umakini, au modafinili kwa ugonjwa wa kushikwa na usingizi ghafla mchana, huyo anatibiwa. Asiache dawa yake kwa sababu ya maneno ya mwalimu wa kemia.

Kahawa, kola, kopo la nguvu

Vyote vitatu ni kafeini. Kinachovitenganisha ni kama unajua unameza kiasi gani.

Ubongo ukiwa macho kutwa nzima unakusanya adenosini, na ndiyo inayokuambia nenda ukalale. Kafeini inakalia nafasi ya adenosini ili ujumbe usifike. Uchovu uko palepale, umenyamazishwa tu, na kafeini ikipungua adenosini iliyokuwa inangoja inapata nafasi yake. Ndiyo maana mtu aliyekunywa vikombe vinne usiku anaweza kuanguka kwenye meza ya mtihani saa nne asubuhi kama aliyekatiwa umeme.

Kikombe cha kahawa ya kuchuja kina takriban miligramu 80 hadi 100 za kafeini. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kufika miligramu 400 kwa siku, zisizidi 200 kwa mara moja, na mjamzito asipite 200 kwa siku nzima. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80, yaani karibu kahawa moja, pamoja na gramu 27 za sukari. Chupa za bei ya chini zinazopangwa barazani kwenye butiki zetu zina karatasi pia. Isome kabla ya kufungua ya tatu.

Kola ndiyo inayodanganya. Ikiwa kavu, kafeini yake ni kama asilimia 1 hadi 3 ya uzito, kwa hiyo gramu 10 zinaweza kukuletea miligramu 100 au 300, na kwa macho huwezi kujua ni ipi. Mlinzi wa geti anayeitafuna kila usiku anajua kola yake inamfikisha wapi. Mwanafunzi anayeitafuna kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia mtihani hajui, na moyo unaodunda hadi masikioni hausaidii kukumbuka tarehe za historia.

Kitu kingine kinachosahauliwa ni saa. Baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini. Kahawa ya saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado ipo. Kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango inakawia zaidi, na kwa mjamzito zaidi tena.

Kati ya hivi vitatu mimi nachagua kahawa bila kusita, kwa sababu kipimo chake kinajulikana na bei yake haiumizi. Tena sisi tunaishi katikati ya kahawa: arabika ya Idjwi na ya Kalehe inavuka mpaka, inavuka bahari, huku wenyewe tumebaki tunakoroga unga wa kopo uliotoka nje. Lakini hayo ni malalamiko ya siku nyingine. Onyo moja tu: usichanganye kinywaji cha nguvu na pombe. Kafeini inakuondolea kujisikia umelewa, ulevi wenyewe haikuondolei.

Ritalin na modafinili

Ritalin ni jina la biashara la methilifenideti. Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba kule Uswisi, aliitengeneza mwaka 1944, na jina likatokana na la mke wake, Rita, ambaye husimuliwa kwamba aliimeza kabla ya kucheza tenisi. Kwa hiyo tangu mwanzo imemezwa na watu wazima wasioumwa kitu. Watoto wa shule walikuja baadaye. Modafinili ni ya Wafaransa. Iliingia sokoni kwao miaka ya 1990 kwa wagonjwa wa usingizi wa ghafla, na Marekani ikaikubali mwaka 1998.

Ritalin inafanya dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe, zikae zaidi kati ya seli za ubongo. Mtu anaona kazi inapendeza, hata silabisi ya takwimu. Inakudai hamu ya kula, usingizi, mapigo ya moyo na presha, na inaweza kukushika usiachane nayo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazogusa akili umeiweka jedwali moja na amfetamini, dawa kali ya kusisimua. Modafinili kwa wengi haileti msisimko wa namna hiyo, inakuweka macho tu. Lakini nayo inadai: kichwa kuuma, kukosa usingizi, na mara chache sana vipele vikali vya ngozi vinavyoweza kuua. Mwaka 2010 shirika la dawa la Ulaya lilishauri ibaki kwa ugonjwa wa usingizi wa ghafla peke yake, baada ya kupima faida na madhara. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mtaani hawalisemi kamwe: modafinili inapunguza nguvu ya uzazi wa mpango wa homoni, vidonge na hata vijiti vya mkononi, na inaendelea kuupunguza kwa majuma kadhaa baada ya kuiacha. Dada anayeimeza ili amalize mwaka anaweza kuumaliza na mimba asiyoipanga.

Sasa swali lenyewe: pointi zitaongezeka? Mwaka 2015 Ruairidh Battleday na Anna-Katharine Brem walikusanya tafiti 24 za modafinili kwa watu wenye afya ambao hawakuwa wamenyimwa usingizi. Katika kazi ndefu na ngumu ilisaidia kupanga na kuamua. Kwenye kumbukumbu, ambayo ndiyo mwanafunzi wetu anaitafuta, faida ilikuwa haba.

Utafiti ulionishawishi zaidi ulichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science Advances. Watu 40 wenye afya, wa miaka 18 hadi 35, walipewa kazi ya kujaza mkoba: mkoba una kikomo cha uzito, vitu ni vingi, kila kimoja na uzito wake na thamani yake, uchague vipi ili thamani iwe kubwa kuliko zote. Mama anayepakia bidhaa kwenye boti ya Idjwi anaifanya hesabu hiyo kila safari, bila daftari: mafuta ya mawese yana faida ila yanalemea, sabuni ni nyepesi ila faida yake ndogo, vitenge vinalipa ila vikilowa vimekwisha. Siku tofauti washiriki walimeza methilifenideti, modafinili, deksiamfetamini (ya jamii ya amfetamini) au kidonge bandia, yaani kisicho na dawa ndani. Walipokuwa na dawa halisi walikazana kweli. Walikaa muda mrefu zaidi, wakaingiza na kutoa vitu mara nyingi zaidi. Lakini kila hatua ilikuwa na akili kidogo kuliko walipomeza kidonge bandia, na waliokuwa juu ya wastani walielekea kushuka chini yake. Dawa iliongeza bidii na kupunguza ubora wa bidii hiyo. Mwenyewe ndani yake haoni hivyo. Anaona amefanya kazi ya ajabu.

Watetezi wa vidonge hupenda kumtaja Paul Erdős, mwanahisabati wa Hungaria aliyetumia amfetamini. Mwaka 1979 rafiki yake Ronald Graham alimwekea dau la dola 500 kwamba hawezi kuacha mwezi mzima. Aliacha, akachukua dola zake, akalalamika kwamba hisabati imerudishwa nyuma mwezi mmoja. Kisa kizuri. Ila Erdős alianza kumeza baada ya mama yake kufariki mwaka 1971, akiwa na miaka 58, na jina lake lilikuwa kubwa miaka mingi kabla ya hapo.

Lakini kidonge gani hasa?

Hadi hapa nimelinganisha dawa halisi. Bukavu hulinganishi dawa halisi, unalinganisha kilicho mkononi.

Mwanafunzi mmoja alinionyesha vidonge viwili alivyonunua Kadutu. Karatasi ya fedha ilikuwa imekatwa kwa makasi, kama wanavyouza rejareja. Upande mmoja zilibaki herufi AFINI. Upande wa pili ulibaki mwaka wa mwisho wa matumizi, mwezi umeenda na mteja mwingine. Jina la kiwanda halikuwepo, kipimo hakikuwepo.

«Mwalimu, aliyeniuzia amesema ndiyo wanayotumia wanafunzi wa Ulaya.»

«Na yeye alikuwa wapi, Ulaya?»

Akacheka, lakini vidonge akavirudisha mfukoni.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni duni au bandia. Nasi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kati ya mwisho wa 2014 na 2015 huko Ituri, zaidi ya watu elfu moja walipatwa na mikazo ya ajabu ya shingo, uso na ulimi. Kwanza walidhaniwa wana homa ya uti wa mgongo. Ilikuja kujulikana kwamba walikuwa wamepewa vidonge vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, kumbe ndani mna haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Hivyo vilitoka kwenye makopo yenye majina kamili. Kipande kilichokatwa kwa makasi hakina hata jina la kudanganya nalo.

Tramadoli sijaiweka kwenye mizani, ingawa kuna wanaoimeza ili wasisikie uchovu. Ni dawa ya maumivu ya jamii ya opiamu, inaweza kuleta degedege, inashika mtu, na haiongezi akili hata chembe. Nimemaliza.

Kukesha na kulala

Hapa ndipo wanafunzi wangu hukunja uso, kwa sababu kulala kunaonekana kama uvivu. Acha niweke namba. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe damuni. Akifika saa 24, ni kama asilimia 0.10. Kwa hiyo aliyekesha hadi asubuhi anaingia mtihanini kama mlevi, tena mlevi asiyenuka. Na kile alichokisoma saa nane usiku hakijapata muda wa kukaa, maana ubongo huimarisha kumbukumbu wakati wa usingizi.

Kuna njia ya pili isiyo na bei, nayo ni kujiuliza maswali badala ya kusoma tena na tena. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliijaribu mwaka 2006. Kundi moja lilisoma maandishi mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha mara tatu likafunika karatasi na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya juma moja, walikumbuka asilimia 40 na wenzao asilimia 61. Hakuna kidonge kwa mtu mwenye afya ninachokijua chenye tofauti kama hiyo. Tatizo ni kwamba dakika tano za kwanza zinamdanganya mwanafunzi: kurudia kusoma kunampa raha ya kujiona anajua, kujiuliza kunamwonyesha mashimo.

Najua ushauri wa kulala ni rahisi kuutoa. Wengi wetu tunalala watatu chumba kimoja, redio ya jirani haizimwi, na kuna usiku ambao mtaa wenyewe hautulii. Kinachowezekana kwa wengi ni kugeuza usiku: lala saa tatu, amka saa kumi alfajiri. Zimetimia saa saba, nyumba iko kimya, na mara nyingi umeme nao huwa umerudi.

Je, ni wizi?

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani kiliandika kwenye kanuni zake kwamba kutumia dawa za kuandikiwa bila ruhusa ya daktari ili kuboresha masomo ni udanganyifu, sawa na kunakili. Miaka mitatu kabla, katika jarida la Nature, Henry Greely na wenzake walikuwa wametetea upande wa pili: watu wazima wenye akili timamu waruhusiwe, mradi dawa zichunguzwe na mtu asilazimishwe. Mwaka huohuo jarida hilo liliwauliza wasomaji wake. Walijibu 1,400 kutoka nchi 60, na mmoja kati ya watano alikiri amewahi kutumia bila sababu ya ugonjwa. Walikuwa wasomaji waliojitokeza wenyewe, kwa hiyo nisiichukue namba hiyo kama picha ya dunia.

Mimi neno wizi silipendi hapa. Katika mji ambako tunajua pointi nyingine hupitia kwenye bahasha, kumwita mwizi mtoto aliyemeza kidonge ili akeshe na silabisi ni kukosa aibu. Aliyemeza bado amesoma mwenyewe. Kinachonisumbua ni lazima. Wakimeza watatu darasani na ikaaminika kwamba imewasaidia, wa nne hatakuwa tena na uhuru wa kukataa, hasa yule ambaye baba yake ameuza mbuzi kulipa minerval, ada ya masomo. Ataongeza deni la vidonge juu ya deni la masomo, kwa faida ambayo tumeona ilivyo ndogo. Na mwalimu anayepanga mitihani mitatu siku mbili atasema mbona mnaweza.

Kwa mtoto mwenye afya sina mashaka hata kidogo. Madaktari wa neva wa Marekani, kupitia chama chao, walitamka mwaka 2013 kwamba kumwandikia mtoto au kijana mwenye afya dawa hizi hakufai. Ubongo wake bado unajengwa, na anayeamua si yeye.

Muuguzi na daktari wa zamu ni kesi tofauti, na hapa nasita. Uchovu wao unaweza kumuua mtu asiyehusika. Mwaka 2012 London, madaktari 39 walionyimwa usingizi walipewa modafinili au kidonge bandia. Wa modafinili walipanga mambo vizuri zaidi, lakini mikono yao kwenye kazi za upasuaji haikuboreka. Ningekuwa mgonjwa saa tisa usiku na daktari ni mmoja tu hospitali nzima, huenda ningetamani awe amekimeza. Ila hospitali inayomzoesha daktari kidonge mahali pa kuajiri wa pili imehamisha gharama yake na kuitia ndani ya mwili wa mtu.

Na uhakika kwamba una afya?

Wanafunzi wengi wanaojiita wazima wana damu haba, hasa wasichana. Anayechoka ngazi chache tu, anayeona giza akisimama, apimwe hemoglobini kabla ya kufikiria kidonge. Na chai au kahawa asinywe pamoja na chakula, aiache saa moja au mbili baadaye, kwa sababu inazuia madini ya chuma ya sombe na maharagwe yasiingie mwilini.

Halafu kuna iodini. Miaka ya 1960 na 1970 François Delange na wenzake walichunguza rovu, uvimbe wa shingo, kisiwani Idjwi, hapa ziwani kwetu. Iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa zaidi upande mmoja, na wakagundua kwamba muhogo usioandaliwa vizuri unachangia kuizuia iodini ile kidogo isifanye kazi. Mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto unapungukiwa kabla hajazaliwa. Mwaka 2006, nchini Albania, watoto wa miaka 10 hadi 12 wenye upungufu walipewa iodini, na ndani ya miezi sita walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kufikiri kuliko wenzao waliopewa kidonge bandia. Hao walikuwa wanaenda shule kama kawaida. Hakuna aliyewaita wagonjwa.

Basi finalisti akiniuliza leo, namwambia alale, ajiulize maswali kwa sauti na mwenzake, anywe kahawa moja asubuhi kama ameizoea, na siku ya mtihani asijaribu kitu ambacho mwili wake haujawahi kukionja. Wa medisini aliyebakiza silabisi tatu achague sura zinazoulizwa kila mwaka na aziache nyingine zimkute. Modafinili haitazisoma kwa niaba yake. Muuguzi wa usiku anywe kahawa mwanzoni mwa zamu, na akipata mtu wa kumshikia wodi alale dakika ishirini. Na mzazi anayetaka kununua akili dukani anunue chumvi yenye iodini, aihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na mvuke, na aitie sufuria ikikaribia kuepuliwa, maana iodini hupotea kwenye moto.